Kumpima mtia nia wa udiwani Tanga, maana humo ndimo anamotoka meya

Uchaguzi ukikaribia, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani na Makorora huwa na mjadala usiokwisha: meya ajaye awe nani? Majina hutajwa na kupangwa, fulani ana elimu, fulani ana fedha zake hatatuibia, fulani ni mtoto wa hapahapa. Ikifika siku ya kupiga kura, hakuna karatasi iliyoandikwa meya. Mwananchi hupewa karatasi ya Rais, ya mbunge na ya diwani, basi. Meya wa Jiji huchaguliwa na madiwani, miongoni mwao wenyewe, kwa kura ya siri, Baraza jipya linapokutana mara ya kwanza. Anayeutaka umeya ni lazima kwanza awe diwani, na ili chama kimsimamishe udiwani ni lazima kwanza avuke kura za maoni, yaani mchujo wa ndani ya chama. Ukisubiri kampeni ndipo uanze kumchunguza meya wako, umechelewa kwa miezi kadhaa.

Tanga ina mji rafiki Marekani, Toledo katika jimbo la Ohio. Kule mkazi humpigia meya kura mwenyewe. Kama wagombea ni wengi, hufanyika kwanza mchujo wa wazi mwezi wa Septemba ambao kila mpiga kura aliyeandikishwa anaruhusiwa kushiriki, na wawili wa juu hupambana Novemba. Meya wao ndiye mtendaji mkuu wa jiji. Kwetu mchujo uko mikononi mwa chama, na meya ni mwenyekiti wa Baraza. Mtendaji ni Mkurugenzi wa Jiji, ambaye huteuliwa na Rais. Watia nia wengi huomba kura kwa lugha ya meya wa Toledo, huku kazi wanayoiomba ni ya meya wa Tanga. Ndiyo sababu ahadi zao hazitimii hata pale nia inapokuwa njema.

Tuanze na hesabu ya watu. Jiji la Tanga lina kata 27, kila moja na diwani wake. Ongeza madiwani wa viti maalumu, ambao kwa sheria hawapungui theluthi moja, na mbunge wa jimbo. Ni watu wasiofika hamsini, na ndio wanaowaamulia wakazi 393,429 waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Katika idadi ndogo namna hiyo, kata mbili au tatu zikipeleka watu dhaifu, kiti cha umeya kinahama. Wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka 2015, CUF ilipochukua ubunge wa Tanga Mjini na kuwa na nguvu kubwa ndani ya Baraza. Uchaguzi wa meya ulizua mgogoro wa matokeo kati yake na CCM, na vikao vya madiwani vikavurugika.

Kwa hiyo mkazi wa Mabawa au wa Tongoni anapomtazama mtia nia, ajue kwamba kuna mambo mawili ya kupimwa kwa pamoja. Kwanza, mtu huyu anaweza kuwa meya. Pili, na hili ndilo hutokea mara nyingi zaidi, mtu huyu atampigia nani kura ya umeya, na kwa sababu gani? Mtia nia aliyegharimiwa fomu, mabango na mikutano na mwenzake wa kata nyingine mwenye ndoto ya umeya ameshapiga kura yake kabla hata ya kuapa. Muulizeni waziwazi ni nani anayemsaidia gharama. Kata moja haikosi watu wanaojua jibu la kweli, na mkilinganisha jibu lake na wanachojua mtakuwa mmempima uaminifu mapema.

Njia yenyewe ndani ya CCM, chama ambacho kura zake za maoni huwa na ushindani mkubwa zaidi hapa, huenda hivi. Mtia nia huchukua fomu, huijaza na kuirudisha ndani ya siku chache zilizotangazwa. Vikao vya chama hujadili majina na kuyachuja, mengine hukatwa hapo. Yaliyorudi hupelekwa kwa wapiga kura wa chama, na hapo utaratibu umekuwa ukibadilika. Mwaka 2015 walipiga kura wanachama wote, 2020 wakabaki wajumbe wa mikutano, ndipo usemi wa "wajumbe si watu" ukaenea nchi nzima, na 2025 idadi ya wajumbe ikapanuliwa kuelekea matawini na kwenye mashina. Kura zikishahesabiwa, vikao vya juu ndivyo vinavyoteua. Aliyeongoza anaweza kukatwa na wa pili akapewa nafasi. Uchaguzi mkuu ukipita, madiwani wa chama wanaotaka umeya huchukua fomu nyingine, majina huchujwa tena, kisha madiwani wa chama hicho hupigiana kura wao kwa wao kumpata wa kumpeleka Barazani. Chama kikiwa na wingi wa madiwani, aliyeshinda kwenye kikao hicho cha ndani huwa ameshakuwa meya, na kura ya Barazani inakuja kukamilisha.

Vyama vingine vina taratibu zao, nyingi fupi zaidi kwa sababu watia nia ni wachache. Maswali ya kuwauliza ni yaleyale.

Sasa tuje kwenye madaraka, maana hapa ndipo uongo mwingi unapopita. Meya huongoza vikao vya Baraza la Madiwani vya kila robo mwaka, na huongoza Kamati ya Fedha na Uongozi inayokutana kila mwezi. Hiyo kamati ya fedha ndiyo moyo wa kazi yake. Inapokea taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi, inapitia bajeti kabla haijafika Barazani, inahoji kwa nini chanzo fulani hakikukusanywa. Baraza hupitisha sheria ndogo, zile zinazoweka ushuru wa soko, faini za usafi na taratibu za wafanyabiashara wadogo, na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huziidhinisha. Baraza pia ni mamlaka ya nidhamu kwa watumishi wengi wa halmashauri, lakini si kwa Mkurugenzi.

Nje ya hapo mkono wa meya ni mfupi. Barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji ni ya Tanga UWASA, mamlaka yenye bodi na vitabu vyake, ambayo mwaka 2024 ilikwenda yenyewe kwenye soko la mitaji na hatifungani ya kijani, yaani mkopo unaouzwa kwa wawekezaji, ikilenga shilingi bilioni 53.12. Bandari ni ya TPA, Mamlaka ya Bandari. Umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ambayo kuanzia 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, imo kwenye sheria ya Bunge na inakwenda TRA. Mtia nia akisimama Chumbageni akaahidi kuiondoa, ama hajui anachokiomba, ama anajua na anakudanganya. Zote mbili ni sababu ya kutompa kura.

Mtia nia anayeijua kazi husema hivi: "Barabara hii nitaiombea kipaumbele, nitamtaka meneja wa TARURA alete taarifa Barazani, na nitahakikisha mtaro unaingia kwenye mpango." Ni maneno yasiyopigiwa makofi. Lakini ndiyo kazi yenyewe, na unaweza kuja kumdai baada ya mwaka mmoja kwa kusoma muhtasari wa kikao.

Kwa Tanga ya sasa, pimeni watia nia kwenye fedha kuliko kitu kingine chochote. Sababu ni ushuru wa huduma. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, inaipa halmashauri haki ya kutoza kampuni asilimia ndogo ya mauzo yake, kwa miaka mingi ikiwa hadi 0.3, ikishatolewa kodi ya ongezeko la thamani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kata ya Jiji letu. Bandari imepanuliwa kwa miradi ya mamia ya mabilioni. Pongwe kuna viwanda vya saruji na chokaa. Shughuli zote hizo huja na wakandarasi wakuu, wakandarasi wadogo, wasafirishaji, walinzi, wapishi. Kwa kiwango hicho cha 0.3, mkandarasi mwenye mauzo ya shilingi bilioni 10 alidaiwa milioni 30. Kinachoharibika ni kwamba ofisi kuu za kampuni nyingi ziko Dar es Salaam, hesabu zinafungwa huko, na ushuru unaweza kulipwa halmashauri ya huko wakati kazi imefanyika hapa. Wengine hawamo kabisa kwenye orodha ya walipaji, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuomba mikataba yao.

Muulizeni mtia nia: orodha ya wakandarasi wanaofanya kazi ndani ya Jiji iko wapi, na inahuishwa lini? Mwenye kujua atasema inatakiwa kulinganishwa na leseni za biashara na vibali vilivyotolewa, na kwamba Kamati ya Fedha inaweza kuitaka kila robo mwaka. Asiyejua atakwambia ataleta wawekezaji. Wawekezaji wameshakuja. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na makaratasi akaona nani amelipa na nani hajalipa.

Asilimia kumi ya mapato ya ndani ni kipimo kingine. Ukitoa fedha zilizolindwa kwa matumizi maalumu, kama uchangiaji wa huduma za afya, sehemu ya kumi ya mapato ya ndani inatakiwa kukopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye bilioni 20 zinazohesabika hutakiwa kutenga bilioni 2, yaani milioni 800, milioni 800 na milioni 400. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, ikarudi 2024 na taratibu mpya. Udhaifu wake unajulikana kila halmashauri: kikundi kinaundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka, wanachama wanagawana fedha badala ya kuanzisha mradi, mwenyekiti anahama mtaa, na diwani ananyamaza kwa vile waliokopeshwa ni wapiga debe wake. Kama mtia nia ni diwani anayetetea kiti, ombeni orodha ya vikundi vya kata yake vilivyokopeshwa na kiasi kilichorejeshwa. Akisema ni siri, mwambieni fedha ya umma haina siri, na mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mwenye rekodi ni rahisi kumpima, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaojisumbua. Mikutano ya Baraza iko wazi kwa wananchi. Unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza, huna haki ya kusema ila una haki ya kuona nani amelala. Muhtasari huandika waliohudhuria na waliotoa udhuru. Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni Mtendaji wa Kata, kwa hiyo kama vikao havikufanyika, lawama ya kwanza ni ya diwani. Ulizeni vimefanyika vingapi kwa mwaka na fomu za mahudhurio ziko wapi. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Karatasi ikiwa imepauka kwa jua na tarehe ni ya mwaka juzi, mmeshapata jibu kuhusu usimamizi wa hapo.

Kisha kuna ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, na ikishawasilishwa bungeni mwezi wa Aprili inakuwa wazi. Iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Usiishie kwenye neno "hati safi". Hati safi inasema hesabu zimeandikwa sawasawa, haisemi fedha zimetumika vizuri. Nenda kwenye sehemu ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, uangalie mapato yaliyokusanywa kwa mashine za posi yasifike benki, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, miradi iliyolipiwa na haijakamilika, na mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hoja inayorudi mwaka hadi mwaka ndiyo inayolisema Baraza vibaya zaidi, kwa sababu ina maana madiwani waliisoma wakaipitisha. Chukua hoja moja tu, ipeleke kwa mtia nia anayetetea kiti: ulisema nini ilipofika kwenye kikao?

Kwa mtia nia mpya asiye na rekodi ya Baraza, tazameni alikopita. Alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika, wa kikundi cha wavuvi pale Deep Sea, wa msikiti, wa kamati ya shule? Aliacha vitabu? Waliomrithi walikuta kitu? Mtu aliyewahi kushika fedha za wenzake na kuzikabidhi mbele ya watu ana cheti kinachozidi shahada. Sheria yenyewe haidai makubwa: awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri, adhaminiwe na chama. Hivyo kazi ya kuweka kiwango cha juu imeachwa kwetu.

Na kata zetu hazifanani. Diwani wa Ngamiani Kati anatakiwa kuijua sheria ndogo ya masoko na ushuru wa meza. Wa Chongoleani anatakiwa kujua fidia ya ardhi na ajira za mradi. Wa Kirare na Marungu ana wakulima ndani ya jiji, watu ambao mipango miji inaweza kuwapimia viwanja juu ya mashamba yao. Anayekuja na hotuba ileile kila kata, hata kama ni fasaha, mwekeeni alama ya kuuliza.

Rushwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wakati wa kura za maoni hujitembeza usiku. Tuna historia nayo: sheria ya uchaguzi iliwahi kuiruhusu takrima kwa jina la ukarimu wa jadi, na Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Baada yake ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya 2010, ambayo inagusa hata mchakato wa uteuzi ndani ya chama. Kwa hiyo usemi kwamba kura za maoni ni mambo ya ndani ya chama hauna mashiko.

Huku kwetu rushwa haiji na bahasha tu. Huja na nauli ya mjumbe inayozidi nauli mara kumi, kulipiwa deni la kikoba, mfuko wa sukari na mchele uliopewa jina la futari, doti za kanga za akina mama wa jumuiya, mchango mnono wa maulidi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuonekana kwenye maulidi. Kutofautisha sadaka na rushwa kuna njia nyepesi: tazama tarehe. Aliyekuwa akitoa kila Ramadhani kwa miaka, aendelee. Aliyeanza mwezi fomu zilipotangazwa ananunua. Ukiona, andika tarehe, mahali, kitu kilichotolewa na waliokuwepo, kisha piga 113 kwa TAKUKURU au fika ofisini kwao. Taarifa isiyo na tarehe haifiki popote.

Siku ya kura yenyewe, mjumbe makini ana mambo machache ya kusimamia. Orodha ya wapiga kura isomwe kwa sauti kabla ya kuanza, maana wajumbe hewa huingia pale orodha inapokaa mfukoni mwa katibu. Karatasi zihesabiwe mbele ya watu. Simu zisiingie penye kupigia kura, kwa sababu mnunuzi siku hizi hudai picha ya karatasi iliyotiwa alama ndipo amalizie malipo, na simu zikibaki nje biashara hiyo inamfia mkononi. Kura zilizohesabiwa, pamoja na zilizoharibika, zilingane na idadi ya waliosaini kuingia. Zikizidi hata moja, isitiwe saini mpaka ieleweke. Kila mtia nia au wakala wake aondoke na nakala ya matokeo.

Usiye mwanachama huna kura hapo, lakini si kweli kwamba huna nguvu. Balozi wa shina ni jirani yako, mjumbe wa tawi mnaswali safu moja. Kati ya kura za maoni na kikao cha uteuzi huwa kuna siku kadhaa, na vikao hivyo huogopa mgombea atakayekataliwa na mtaa. Barua ya wakazi, ukurasa mmoja, yenye tuhuma moja au mbili zenye ushahidi, majina na saini, ikipelekwa kwa katibu wa chama wa wilaya na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa, inasomwa. Barua ya matusi ya kurasa nne haisomwi. Pelekeni mapema, kwa sababu kikao kikishakaa jina halirudi nyuma. Na mgombea akibaki peke yake kwenye kata, kwa sheria ya uchaguzi ya 2024 bado anatakiwa kupigiwa kura ya ndiyo au hapana.

Meya akishapatikana anakaa miaka mitano, isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wa Baraza wamwondoe kwa sababu zilizotajwa kisheria. Lakini Naibu Meya huchaguliwa kila mwaka. Uchaguzi huo hupita bila watu kuuona, na ni hasara, maana unaonyesha diwani wako anapiga kura na nani anapokuwa hana kampeni mbele yake. Kikao hicho huangukia mwisho wa mwaka wa fedha au mara tu baada yake. Ulizeni tarehe kwa Mtendaji wa Kata kuanzia Juni, nendeni mkakae viti vya nyuma.